UNGA MWEUPE NA HESHIMA YA MFANYAKAZI



Leo hatutaanza na mshahara. Tutaanza na sufuria. Tunajua wengine mtauliza: chama cha wafanyakazi kina kazi gani na sufuria ya mtu? Jibu letu ni fupi. Mshahara wa mchuma chai na mkata miwa haukai benki. Unakwenda dukani, kwenye unga, mafuta, chumvi na makaa, na kabla mwezi haujaisha, wenyewe umekwisha. Kwa hiyo mtu anayesema juu ya mshahara bila kusema juu ya chakula amesema nusu ya maneno.

Basi tuanze na kosa letu wenyewe, maana kiongozi asiyekubali kosa lake hawezi kumwonyesha mwenzake kosa lake.

MGOMO WA UNGA

Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja la chai upande wa magharibi wa Uganda, tulisimamisha kazi siku mbili kwa ajili ya unga. Kantini ya shamba ilikuwa ikitupikia posho ya unga namba moja, ule mweupe kama chokaa, pamoja na maharage. Jumatatu moja tukafika saa ya chakula tukakuta posho imegeuka rangi. Ilikuwa ya kijivu, ina chengachenga, ina harufu ya mahindi. Meneja alikuwa amebadilisha unga bila kumwambia mtu yeyote. Badala ya namba moja alinunua unga wa mahindi mazima, ule ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita dona, kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu.

Kelele zilizotoka hapo tunazikumbuka mpaka leo. "Hiki ni chakula cha gereza!" "Wametufanya nguruwe!" Akina mama waliacha sahani zao pale pale, wakarudi kambini na njaa. Jioni ile ile sisi viongozi wa tawi tulikwenda kwa meneja tukamwambia: ama unga mweupe urudi, ama majani ya chai yatazeeka shambani. Hakusikia. Kwa siku mbili vikapu vilikaa vitupu. Siku ya tatu unga mweupe ulirudi, na sisi tukabebwa mabegani kama watu waliotoka vitani.

Baada ya miezi michache tulikuwa na mkutano wa tawi. Mama mmoja mchuma chai, mtu mzima mwenye wajukuu, akaomba kusema. Alisema hivi: "Wanangu, mimi nafuga kuku. Ili watage nawanunulia pumba kwenye mashine ile ile inayosaga unga wa kantini yetu. Sasa nataka kuuliza. Kuku wangu anakula kile kinachompa nguvu ya kutaga, na mimi ninayechuma chai tangu alfajiri nakula kilichobaki. Nyinyi mlipigania chakula, au mlipigania rangi?"

Watu walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jibu. Maneno haya ndiyo jibu letu kwa mama yule, ingawa limechelewa.

JINA LA POSHO

Tutazame kwanza chakula chenyewe. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanasema ugali. Sisi wa Uganda tunasema posho. Lakini neno posho katika Kiswahili si jina la chakula. Posho ni kipimo anachopewa mtu aliye safarini au kazini: mpagazi, askari, kibarua. Katika misafara ya zamani mpagazi alipimiwa posho yake. Baadaye, katika mashamba ya walowezi kule Kenya, kipimo kilichozoeleka kilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Mtu alipokea unga wake kama sehemu ya ujira, na Uganda chakula kikachukua jina la ujira.

Fikirini jambo hilo. Matoke ina jina lake. Kalo ina jina lake. Muhogo una jina lake. Chakula cha mfanyakazi peke yake ndicho kilichopewa jina la kipimo cha mwajiri. Maana yake ni kwamba aliyekichagua hakuwa yule anayekula, alikuwa yule anayelipa.

Kwa nini mwajiri alichagua mahindi? Kwa sababu yalimfaa. Mahindi makavu yanasafirishwa mbali bila kuoza, lakini matoke huharibika njiani. Unga wa mahindi unapikwa katika sufuria moja ukalisha watu mia. Ulezi, ambao wengine tunauita wimbi, ulikuwa ukisagwa na akina mama juu ya jiwe, na hapana mwajiri aliyetaka kungoja jiwe. Shule za bweni zikafuata mahindi, magereza yakafuata, kambi za askari zikafuata. Ndiyo sababu mpaka leo katika Buganda mzee mwenye shamba la migomba hawezi kumwekea mkwe wake posho mezani.

Na mahindi yenyewe ni mgeni hapa. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliohusika kuyaleta katika pwani zetu tangu karne ya 16. Kule Mexico, kwa watu walioyalima maelfu ya miaka, mahindi huchemshwa na maji ya chokaa au majivu kabla ya kusagwa. Tendo hilo hufungua vitamini moja iliyofungwa ndani ya punje. Mbegu ilisafiri mpaka kwetu, lakini ujuzi huo wa jikoni haukusafiri nayo.

WEUPE ULITOKA WAPI?

Weupe wa unga wetu ni wa namba mbili. Kuna weupe wa mbegu na kuna weupe wa mashine. Tuanze na wa mbegu.

Mahindi ya wazee wetu yalikuwa ya rangi nyingi. Yalikuwapo mekundu, ya manjano, ya zambarau, na mengine yaliyochanganyika katika gunzi moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kenya walileta mbegu za mahindi meupe kutoka Afrika ya Kusini, kama ile iliyoitwa Hickory King. Walitaka kuuza Uingereza, na huko viwanda vya kutengeneza wanga vilitaka mahindi meupe. Mahindi ya rangi zilizochanganyika hayakupata bei. Basi mkulima wa Kiafrika naye akaona kwamba anayepanda meupe anauza na anayepanda ya rangi anarudi nayo nyumbani.

Haya ndiyo yaliyotokea, ndugu. Weupe haukuchaguliwa kwa sababu unajenga mwili. Ulichaguliwa kwa sababu ya kiwanda cha wanga kilicho ng'ambo ya bahari. Kisha wataalamu wa mbegu nao wakafuata soko. Mwaka 1964 kule Kitale ilitolewa mbegu chotara namba 611, mbegu nzuri yenye mazao mengi, nayo ni nyeupe. Mwaka 1984 ukame mkali ulipoipiga Kenya, mahindi ya manjano yakaletwa kutoka ng'ambo. Watu waliyala, kwa kuwa mwenye njaa hana miiko. Mvua iliporudi waliyatupa, na tangu hapo wengi wakiona unga wa manjano wanakumbuka njaa au wanafikiri ni chakula cha mifugo. Rangi ikawa na hadithi yake, na hadithi ikashinda tumbo.

Weupe wa pili ni wa mashine. Mashine ya kukoboa huondoa ganda la punje na kiini chake, ndipo punje inasagwa. Hapo tunapata namba moja. Mashine hizi zilipoenea kwenye vituo vya biashara, kila mtu mwenye mshahara alitaka unga uliokobolewa. Unga mweupe ukawa alama ya mjini, ya aliyesoma, ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi. Unga mzima ukawa alama ya kijijini na ya gereza. Wazee wa siasa walikuwa na neno zuri kwa ugonjwa huu wa akili. Waliuita kasumba.

KINACHOKWENDA KWA KUKU

Sasa tuitazame punje. Ina sehemu tatu. Nje kuna ganda. Ndani kuna wanga mwingi, ndio unaoshibisha. Na chini kuna kiini, pale mche unapoota. Ndani ya kiini mna mafuta, na humo pamoja na kwenye ganda ndimo yalimo madini na vitamini nyingi za mahindi, hasa za kundi B. Mashine ya kukoboa inatuachia wanga. Yale mengine yanaitwa pumba, yanatiwa kwenye magunia, yanauzwa kwa wenye kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa.

Hesabu yake hii hapa. Peleka mashineni kilo 100 za mahindi makavu. Ukisaga mazima utarudi nyumbani na karibu zote. Ukikoboa kupata namba moja utarudi na kilo 60 hadi 75, kulingana na mashine na uangalifu wa mwenye mashine. Kwa hiyo katika kila magunia manne ya mahindi tunayolipia, gunia moja au zaidi haliingii katika sufuria zetu. Na mara nyingi hata pumba hatuondoki nazo. Anabaki nazo mwenye mashine, anaziuza. Tunalipa zaidi ili tupewe kidogo zaidi. Mtu akitufanyia hivyo kwenye mizani ya chai tunagoma. Kwenye unga tunashukuru.

Serikali nazo zimeliona jambo hili. Uganda ina kanuni tangu mwaka 2011 zinazovitaka vinu vikubwa vya unga wa mahindi na ngano vitie vitamini na madini ndani ya unga. Ni jambo jema na tuliunge mkono. Lakini angalieni mwendo wake: kwanza tunaondoa, halafu tunanunua sehemu ya kile tulichoondoa na kukirudisha kwa kijiko. Na unga wa wengi wetu hautoki katika vinu vikubwa. Unatoka kwenye mashine ndogo ya kituo cha biashara, ambako hakuna kijiko wala kipimo.

Tuseme na jambo jingine wazi, ili asitokee mtu wa kusema tunadanganya. Unga wa mahindi peke yake, mweupe au mzima, hautoshi mwili wa mtu afanyaye kazi. Kule Malawi, mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi, unaleta kuhara na kuvuruga akili. Mgawo wao ulikuwa mahindi. Karanga zilizokuwa zikija pamoja na mahindi zilikatika kwa miezi kadhaa, na ugonjwa ukaingia. Watu wale hawakukosa kitu cha kujaza tumbo. Walikosa kile kinachokwenda pamoja na posho. Kila anayepokea chakula kwa mgawo, awe mkimbizi au mfanyakazi, akumbuke karanga zile.

AIBU YETU INAFIKA SHAMBANI

Wengi wetu tuliomo mashambani na viwandani hatukuzaliwa humo. Tumetoka Kigezi, West Nile, Teso, Busoga, na baba za wengine walitoka Rwanda na Burundi. Nyumbani tumeacha wazazi wenye majembe. Sisi ni wafanyakazi, lakini pia ni watoto wa wakulima. Hapo ndipo maneno yetu yanapofika mahali pake.

Krismasi tunarudi nyumbani. Tunachukua nini? Mfuko wa unga mweupe, mchele, mkate, soda. Mama amepika kalo ya ulezi aliolima mwenyewe, lakini akiona mwanawe wa mshahara amefika, anaificha kalo jikoni na kupika kile kilicholetwa. Watoto wanatazama. Hapana aliyewafundisha darasani, lakini wamekwisha jifunza kwamba cha dukani ndicho cha heshima na cha shambani ni cha aibu. Msimu ukifika, mama anafikiri: ulezi huu nampandia nani? Anapunguza kipande. Mwaka wa pili anapunguza tena. Hapana afisa wa kilimo aliyepiga ulezi marufuku. Ulikatazwa na nyuso zetu tulipokaa kula.

Hatusemi kwamba ni hilo tu. Mkulima ana sababu zake nyingine na tuziheshimu. Ulezi una palizi ya kuvunja mgongo. Mtama unaliwa na ndege, na zamani watoto ndio waliokuwa wakiwafukuza. Siku hizi watoto wako shuleni, na sisi ndio tuliopigania waende shule. Hindi limejifunika maganda, ndege hawalipati kwa urahisi. Haya yote ni kweli. Lakini mkulima hukubali taabu ikiwa mwisho wake kuna mnunuzi. Asichoweza kukubali ni taabu inayoishia kwenye dharau.

Ushahidi tunao. Mwaka 2002 ilianza kuuzwa Uganda bia ya Eagle, iliyotengenezwa kwa mtama wa aina ya Epuripur, mtama uliotokana na kazi ya wataalamu wa kituo cha Serere, Teso. Serikali ikapunguza kodi kwa bia ya mazao ya nyumbani. Wakulima waliosikia kwamba mtama una mnunuzi waliurudia, pamoja na ndege wake wote. Kwa hiyo si kweli kwamba mtama ulikuwa umekufa. Ulikuwa unangoja mtu wa kuutaka. Tunasikitika tu kwamba aliyeutaka kwanza alikuwa chupa na si sahani.

Ushahidi wa pili ni viazi vitamu. Wataalamu, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walieneza viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vyenye vitamini A nyingi inayosaidia macho ya watoto na kinga ya mwili. Watu walikuwa wamezoea viazi vyeupe. Lakini walifundishwa, wakaonjeshwa, rangi ikapata hadithi mpya, na mwaka 2016 Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Zambia nayo mwaka 2012 ilitoa mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa kwa sababu hiyo hiyo. Basi mazoea si mwamba. Yaliwekwa na watu, na watu wanaweza kuyaondoa.

Na kuna hatari ya nchi nzima kutegemea punje moja. Mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa maua, mavuno yameharibika. Mtama huvumilia zaidi. Kama wote tunakula mahindi, ukame mmoja unapandisha bei ya chakula cha wote kwa siku moja, na mshahara unabaki ulipokuwa. Ndivyo ilivyo hata kwa ngano tunayoiagiza kutoka nje. Mwaka 2022 Urusi na Ukraine zilipoingia vitani, bei ya ngano ilipanda duniani, na kibarua wa Jinja asiyejua Ukraine iko wapi akalipia vita hivyo kwenye chapati yake.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza atasema: unga mzima hauna ladha, unakwaruza koo. Ndugu, mara nyingi unga huo unakwaruza kwa sababu umesagwa vibaya. Mwenye mashine akiweka chujio lenye matundu madogo, unga unalainika. Tena unga mzima una mafuta ya kiini, kwa hiyo ukikaa muda mrefu unachacha. Usinunue wa mwezi mzima. Saga kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Wa pili atasema: unga mzima una sumu. Huyu asidharauliwe. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu, na kukoboa kunapunguza sumu hiyo kwa kuwa nyingi hukaa sehemu za nje za punje. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2021, mwezi wa Machi, Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo hatusemi tule unga mzima wa mahindi mabovu. Tunasema mahindi yakaushwe juu ya turubai na si chini kwenye udongo, unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika mia, na mwajiri anayetulisha aonyeshe cheti cha kupimwa. Tukumbuke pia kwamba weupe unaweza kuficha mengi. Ukikoboa mahindi yaliyooza, unga unaweza kutoka mweupe, na sumu nyingine ikabaki ndani.

Wa tatu ni mama wa kambini. Atasema: mnaniambia maharage, mnaniambia kalo, mnaniambia karanga. Mimi natoka shambani saa kumi na moja. Maharage yanataka makaa ya saa tatu. Nani ananunua makaa, na watoto watalala saa ngapi? Mama huyu ana haki kabisa, na sisi wanaume wa chama tusimhubirie. Mtu anachagua kwa mkoba wake na kwa saa zake kabla hajachagua kwa akili yake. Ndiyo maana chakula ni jambo la chama. Kama mshahara ni mdogo na kazi ni ndefu, maneno ya lishe ni kelele tupu.

Wa nne, na huyu ndiye wa maana zaidi, atasema: mkisifu unga mzima, mwajiri atafurahi. Atanunua cha bei nafuu na kutia akiba mfukoni. Ni kweli! Ndivyo alivyofanya meneja wetu. Na hapa ndipo tunapotaka kumjibu mama wa kuku. Mama, hasira yetu ilikuwa ya haki. Yule mtu alibadilisha chakula chetu bila kutuuliza, kana kwamba tulikuwa mifugo yake, na faida akaichukua peke yake. Kosa letu ni kwamba tulipigania kilichoondoka, hatukupigania kilichobakia mkononi mwake. Tungedai hivi: unga mzima sawa, lakini uwe mkavu na uliopimwa, na tofauti ya bei igeuke dagaa, karanga na maharage katika sahani zetu, na jambo hilo liandikwe katika mkataba. Sisi tulirudisha weupe, tukamwacha meneja bila deni lolote. Tulidhani heshima yetu imo katika rangi ya posho. Heshima ilikuwa katika kuulizwa.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila tawi lenye kantini au mgawo wa chakula liunde kamati ya chakula, na nusu ya wajumbe wawe akina mama. Kamati ione gunia kabla ya kupikwa, ijue bei yake, ijue limetoka wapi.

Pili, chakula kiingie katika mapatano ya pamoja kwa majina na vipimo. Isiandikwe "chakula cha mchana" tu. Iandikwe unga gani, gramu ngapi za maharage, dagaa mara ngapi kwa juma. Kisichoandikwa ni hisani, na hisani inaweza kuondolewa Jumatatu yoyote.

Tatu, tununue pamoja. Tawi la watu mia tatu ni mteja mkubwa kuliko maduka mengi ya kituo. Tukiagiza mahindi, ulezi na karanga moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wakulima, baada ya mavuno, bei inakuwa afadhali kwetu na kwao. Na kama tunakoboa, basi pumba zirudi kwetu, tuzigawe kwa wenye kuku au tuziuze kwa mfuko wa tawi. Zimetoka katika jasho letu.

Nne, tuanze nyumbani na mkono wetu wenyewe. Safari hii ukirudi kijijini, mwambie mama alete ile kalo aliyoificha. Kaa chini uile mbele ya watoto, uisifu kwa sauti. Hii haihitaji fedha wala ruhusa ya mtu.

Sisi tulijaribu. Mapatano yaliyofuata mgomo ule tulipeleka jambo hili kwa wanachama, wakabishana mpaka usiku. Mwisho wakakubali kwa kura chache: posho ya unga mzima siku tatu kwa juma, na akiba inunue dagaa. Meneja alitia sahihi dagaa mara mbili kwa juma. Karanga alizikataa. Bado wako wenzetu wanaosukuma sahani siku za unga mzima, na hatuwalaumu, kwa sababu kasumba ya miaka mia haiondoki kwa mkutano mmoja. Hapana aliyetubeba mabegani safari hiyo.

Lakini mama wa kuku alikuwapo. Alikuja mezani kwetu na sahani yake, akaonyesha dagaa waliokuwa juu ya posho ya kijivu, akasema, "Hawa angalau kuku wangu hawakuwapata." Kisha akaketi akala. Karanga bado tunazidai.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.